Kituo cha Sita

Tangu theluji iyeyuke wanakuja, wawili, watatu,
wanasimama mbele ya duka letu la matairi,
masikioni wana vidude vyeupe, midomo wamefumba,
wanautazama ukuta kana kwamba ukuta una deni lao.
Mmoja alivua kofia. Nikadhani anasoma bei.

Jumapili, duka limefungwa, niliazima vidude vya binti yangu
nikaenda darajani, sauti inakoanzia.

"Mimi ni Verlene Pettiford," ikasema,
"nina miaka sabini na tisa na magoti mabovu,
kwa hiyo tutakwenda polepole, wewe na mimi."
Walimrekodi jikoni kwake. Friji linavuma nyuma yake,
kijiko kinagonga kikombe.
Nikavuka barabara aliponiambia nivuke.

Huu mji wa Corley nimezaliwa humu.
Najua kila shimo lake kwa tairi lililopasua.
Sikujua kwamba nyuma ya sinema ya zamani
(siku hizi watu hukimbia humo ndani bila kwenda popote)
zimebaki bolti nne ukutani:
zilishika ngazi ya chuma, ngazi yetu,
ya kupandia viti vya juu kabisa, mvua ikinyesha, barafu ikiganda.
"Gusa," akasema.
Nikagusa. Kidole kikatoka na rangi ya chai.

Kwa Arzella Goins hakuna nyumba tena,
kuna nyasi na bomba la zimamoto.
Mkunga. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake,
"hata watoto wa wale," asema Verlene,
"waliomwambia apite mlango wa jikoni.
Mtoto hajui mlango wa jikoni.
Mtoto huja na mlango wake."
Akacheka peke yake, kikohozi kikamshika,
na waliorekodi hawakukikata.

Kituo cha tano sikukisikia. Treni ya mizigo ilipita,
mabehewa mia na ushei, na mimi sijui kurudisha nyuma.

Halafu: "Simama. Mbele yako kuna duka la matairi."

Moyo ukanipiga kama mtu aliyeitwa jina mahakamani.

"Hapo ilikuwa nyumba ya Cordie Roundtree. Vitanda tisa.
Taa moja juu ya mlango, haikuzimwa usiku.
Hoteli ya mjini ilikuwa na vyumba sitini
na hata kimoja hakikuwa cha wapiga tarumbeta wetu,
wauza bima wetu, mama mwenye mtoto anayechemka homa.
Aliyeingia mjini usiku aliitafuta taa.
Na palikuwa na kijana, alifika kabla ya jogoo
kuchemsha maji ya kuoga wageni.
Akikuogesha mara moja tu, maji yako hayasahau:
wewe vuguvugu, wewe ya kuunguza.
Aliitwa...
ngoja.
Aliitwa..."

Friji.

Friji. Saa ya ukutani.
Mtu mwingine chumbani anavuta kiti.
Nimesimama mbele ya kazi yangu ya miaka kumi na moja
kama mgeni aliyepiga hodi, anasikiliza kama kuna miguu ndani.
Sekunde arobaini. Nilizihesabu baadaye.

"Hapana," akasema. "Limegoma.
Twende, pengine litatukuta njiani."

Halikutukuta. Nilimfuata hadi makaburini,
hadi mwisho, aliponishukuru kwa kumwazima miguu.
Yeye mwenyewe, nimeambiwa, alizikwa Novemba iliyopita
safu ya tatu kutoka pale nilipozima simu.

Jumatatu wamekuja tena, mama na mvulana wake.
Nawaona kupitia kioo, na sasa najua wako wapi:
wamefika kwenye taa,
wamefika kwenye maji.
Mvulana akanyanyua uso, akaacha kutafuna.

Nikazima kompresa.

"Vipi huko," bosi akapaza sauti, "umeme umekatika?"
Nikamwinulia kidole chenye grisi:
ngoja.